Pongezi kwa Waismailia wa Wynford Drive

Anayezuru hekalu la Kishinto milimani Japani hupita chini ya lango la mbao, hunawa mikono na kusukutua, ndipo akaribie patakatifu. Toronto haina mlima wa aina hiyo, ila Wynford Drive inapo mahali panapomtuliza mgeni vilevile: Kituo cha Ismailia na Makumbusho ya Aga Khan, vilivyofunguliwa Septemba 2014.

Kati ya majengo hayo iko bustani ya Vladimir Djurovic wa Lebanoni, yenye mabwawa ya maji tulivu yanayoakisi mbingu, ilhali magari ya Don Valley Parkway yananguruma karibu tu. Makumbusho yalibuniwa na Mjapani, Fumihiko Maki. Kituo, chenye ukumbi wa sala uliofunikwa kwa paa la vioo, ni kazi ya Charles Correa wa India.

Pongezi zangu ni kwa Waismailia, Waislamu wa Kishia wanaomfuata Aga Khan, walioyasimamisha haya. Wengi wao ni watu wa kwetu Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 tu. Nao si wa kwanza: katika barabara hiyohiyo ya Wynford Drive, mwaka 1964, msanifu majengo Raymond Moriyama, aliyewekwa kambini nchini Kanada utotoni wakati wa vita kwa sababu ya asili yake ya Kijapani, aliwajengea Wakanada wenzake wa asili hiyo kituo cha utamaduni. Waliotendewa ubaya wamejenga kwa ukarimu, na hilo nalistahi mno.

Msomaji uliye Toronto, nenda. Bustani iko wazi kwa watu wa dini zote.