Fedha Ndani ya Dhahabu

Hapa Bukavu ukitamka feza, watu husikia faranga na dola. Ile metali nyeupe yenyewe ni wachache wanaoikumbuka. Sisi ni watu wa dhahabu: inatufikia kutoka Kamituga na Shabunda ikiwa unga na punje, na mji mzima huizungumzia. Lakini dhahabu ya mlimani haiji peke yake. Fedha imo ndani yake tangu chini ya ardhi.

Aliyenifungua macho ni sonara mmoja mzee wa Nyawera. Siku hiyo alitia katika kalibu sehemu moja ya dhahabu, akaongeza sehemu tatu za fedha. Nikashtuka. “Papa, si unaichafua zaidi?”

“Ngoja kwanza, mutoto yangu.”

Asidi ya nitriki haiiwezi dhahabu, ila fedha huila. Tatizo ni kwamba dhahabu ikiwa nyingi huifunika fedha, asidi isiifikie. Basi huna budi kuongeza fedha ili uweze kuiondoa. Aliuyeyusha mchanganyiko, akaumimina majini ukawa chembechembe, akafungua mlango, akazimwagia chembe hizo asidi ndani ya chupa na kukaa upande unakotoka upepo, maana moshi wake wa rangi ya kutu huua mapafu. Asidi ilipotulia, chini ya chupa palibaki unga wa kahawia usiovutia hata kidogo. Hiyo ndiyo dhahabu. Fedha ilikuwa haionekani, imeyeyukia katika maji maangavu.

Kisha akayahamishia maji hayo chupa nyingine, akatumbukiza kipande cha shaba. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Maji yalianza kuingia ubuluu, na shaba ikaota manyoya ya kijivu, laini, yakimeta kila alipotikisa chupa. Fedha ilikuwa inarudi. Aliikwangua kwa kijiti, akaiosha mara nyingi, akaipulizia moto mpaka ikapita nyuzi 962. Tone likajikusanya, likang’aa; hakuna metali inayorudisha mwanga kuliko hii, wala inayopitisha joto upesi kama hii.

Sijui kwa nini tunamsifu mwenye dhahabu tu. Vidole vya mzee huyu vina madoa meusi: maji ya fedha yakigusa ngozi, mwanga huyageuza hivyo, na sabuni haiyatoi. Kile kitone alikirudisha kwenye kopo la maziwa la zamani, kingojee dhahabu ya mteja wa kesho.