Mti unaokwenda kinyume na mvua: El-Salahi alivyoichora haraza

Mwezi wa Julai, ukitoka Dodoma mjini kuelekea Mtumba kwa barabara ya Morogoro, rangi hazizidi tatu au nne. Udongo mwekundu, nyasi zilizokauka, vichaka vya miiba vya kijivu, mibuyu isiyo na jani hata moja. Miche iliyopandwa kando ya barabara za Mji wa Serikali huko Mtumba inaishi kwa maji ya kumwagiliwa. Kwa wakati huohuo, mti mmoja wa jamii ya migunga, Faidherbia albida kwa jina la kitaalamu, ndiyo kwanza unavaa majani. Kifuku kikianza na kila kitu kikichipua, wenyewe hupukutisha. Wataalamu wa mimea hutaja mizizi yake inayofuata maji chini sana ardhini. Wakulima na wafugaji hutaja zaidi kivuli na maganda yake, ambayo mifugo huyapenda wakati malisho yameisha. Nchini kwetu unaota kwenye mchanga wa kingo za mito kama Ruaha Kuu. Sudan unaota kando ya Nile, na huko huitwa haraza.

Ibrahim El-Salahi, mchoraji aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, ameurudia mti huo kwa miaka mingi, hasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiwa Oxford, Uingereza. Maandishi mengi kuhusu michoro hiyo huishia kwenye ishara: haraza ni uvumilivu wa Wasudani, ni kiungo cha ardhi na mbingu. Mwenyewe amewahi kusema maneno ya namna hiyo, na sina ugomvi nayo. Ila hayatuelezi mkono ulifanya nini. Kwa macho yangu, alichokichora si umbo la mti bali tabia yake, na kazi hiyo ilihitaji vifaa viwili alivyovipata mapema, kila kimoja kwa gharama yake.

Cha kwanza ni herufi. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani, na mtoto alijifunza kuandika juu ya ubao, kama walivyojifunza wengi wa pwani yetu. Baadaye alikwenda chuo cha sanaa cha Slade, London, akasoma uchoraji wa Kizungu kuanzia 1954 hadi 1957. Aliporudi alifanya maonyesho kwenye Grand Hotel, Khartoum. Watu walikuja siku ya ufunguzi, kisha hawakurudi. Akaacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi akitazama watu wake wanapamba nini: mikeka, vyombo, kuta, maandishi. Ndipo akaanza kuivunja herufi ya Kiarabu, akaufungua uwazi ulio katikati ya mistari yake, na kutoka humo zikatokea nyuso, mifupa, pembe, mimea. Wakati huohuo alibana rangi zake zikabaki zile za udongo wa Sudan. Anayedhani uchoraji dhahania ni bidhaa ya kuagizwa Ulaya aanze na hatua hii. Au apande basi la Kondoa akatazame miambani, ambako juu ya wanyama wekundu wa wachoraji wa kale kuna maumbo meupe ya waliokuja baadaye, mengine yakiwa ya kijiometri tu.

Kifaa cha pili kilitoka gerezani, na bila hicho sidhani kama tungekuwa na mti huu. Septemba 1975, akiwa mtumishi wa serikali kwenye idara ya utamaduni, alikamatwa na kufungwa katika gereza la Kober kwa miezi sita bila kufikishwa mahakamani. Kuandika au kuchora kulikatazwa. Alipata vipande vidogo vya karatasi za mifuko ya saruji, akachora kwa siri na kuvifukia mchangani mlinzi akikaribia. Kipande kimoja hakitoshi picha, kwa hiyo kila kimoja kilibeba kiini tu, na vingine vingeweza kuungwa pembeni yake. Alipotoka aliendelea na mtindo huo kwa hiari: anaanza na karatasi moja, picha ikidai nafasi anaongeza nyingine, juu au ubavuni, bila kujua mapema itaishia wapi. “The Inevitable” ya 1984 na 1985 ni karatasi tisa za wino mweusi zilizounganishwa hivyo. Mchoraji aliyezoea turubai hupanga vitu ndani ya mipaka iliyopo. Huyu picha yake inaota.

Sasa tazama haraza. Majani hayapo kabisa kama majani. Shina limekuwa milia iliyosimama wima, sambamba, na matawi yamekuwa mistari na maumbo yenye kona. Asiyejua atasema ni zulia. Lakini milia ile inapanda na kushuka kwa pamoja, na jicho halijui ianzie mizizini au kileleni. Kwa mti ambao kwake msimu wa juu ndio wa chini, hilo ndilo jambo lenyewe la kuchorwa. Angechora taji la kijani angetupa mti wowote ule.

Mwaka 2013 jumba la sanaa la Tate Modern, London, lilimfanyia maonyesho ya kazi zake za maisha, Mwafrika wa kwanza kupewa nafasi hiyo pale, na mwaka 2018 mti wake ulisimamishwa kama sanamu katika bustani ya Regent's Park. Sanamu ni nzuri, lakini ukishausimamisha mti kwenye nyasi unazungukwa kama mti mwingine, na ule mvutano wa juu na chini unalegea.

Hata kati ya zile za karatasi, mimi nashika za wino mweusi kuliko za rangi. Kwenye za rangi, nyekundu na buluu hukaa kwenye milia zikiwa zimetulia mno, na utulivu huo hukaribia urembo. Kwenye nyeusi, nusu ya kazi hufanywa na karatasi iliyoachwa wazi katikati ya mistari, na ni vigumu kusema kama nafasi ile ni jani lililodondoka au lisilochipua bado.