Nani Alimwambia Nani? Sauti ya Msomaji na Taswira ya Msikilizaji katika *Habari za Wakilindi*

*Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy imewanufaisha wanahistoria kuliko wahakiki. Ilichapwa kwa sehemu na misheni ya Magila, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na toleo la J. W. T. Allen la mwaka 1962 liliifikisha kwa wasomaji wengi zaidi, lakini wengi wao walitafuta humo nasaba na vita vya watawala. Anayeisoma kimyakimya kwa lengo hilo huona nathari yenye marudio mengi na mandhari haba. Kasoro zote mbili hupungua sana kitabu kinaposomwa kwa sauti.

Jambo la kwanza ni la kisarufi. Kisa cha Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu akagawa nyama kwa Washambaa hadi akapewa utawala Vuga, huendelea kwa mazungumzo zaidi kuliko kwa maelezo, na mazungumzo hayo hufungwa kwa vitenzi vya -ka-: mtu akasema, mwingine akamjibu. Kiambishi a- cha kiima na -m- cha yambwa havitofautishi mume na mke, mkubwa na mdogo, mgeni na mwenyeji. Watu watatu wakiwa barazani, jicho hulazimika kurudi nyuma kumtafuta msemaji. Sauti hairudi nyuma. Msomaji hodari humpa mzee kituo kirefu, kijana haraka, na mgeni unyenyekevu. Salamu zinazorudiwa, ambazo kwenye karatasi huonekana mzigo, humpa msikilizaji muda wa kumweka kila mtu mahali pake. Marudio hayo, basi, ni sehemu ya ufundi wa mwandishi.

Mandhari ni suala gumu zaidi. Abdallah, mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Wakilindi, hasimami kuchora ukungu wala msitu. Msikilizaji wa Amani hahitaji kuchorewa: miteremko anayo mlangoni, na neno mbega lenyewe humletea pia kima mweusi mwenye manyoya meupe aliye hai katika msitu wake. Hata hivyo taswira yake si ya Vuga hasa, kwa kuwa Vuga iko Usambara Magharibi, ng'ambo ya bonde la Lwengera. Msikilizaji wa Pangani naye hujenga mlima mwingine kabisa, pengine mlima aliowahi kuuona kwa mbali tu. Uchache wa maelezo huwaruhusu wote wawili kuingia.

Tahajia nayo ina neno. Kitabu huandika Mbega na Vuga; Mshambaa hutamka Mbegha na Vugha. Isitoshe, Kishambaa ni lugha ya toni, ilhali Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mshambaa akisoma kwa sauti, majina hutoka katika Kiswahili cha mwandishi na kurudi nyumbani kwa nukta moja, jambo ambalo hakuna toleo lililochapwa linaloweza kulionyesha.

Lakini sauti hutoza ushuru. Usiku ambao Mbega anamuua simba, msomaji akiwapa wazee sauti ya hofu, shujaa hupaa. Akiwapa sauti ya watu wanaopima faida yao, utawala wa Kilindi huanza kama mapatano. Steven Feierman, katika *The Shambaa Kingdom* (1974), alikitafsiri kisa hiki kwa kutegemea masimulizi mengi ya mdomo, na mkazo wake juu ya nyama ya porini na chakula cha shambani hauwezi kutenganishwa na wingi huo wa sauti. Chapa inaziacha fasiri zote mbili wazi. Msomaji mmoja hufunga mojawapo bila kumwarifu msikilizaji. Kwa hiyo semina inayokisoma kitabu hiki kwa sauti mara moja tu imesikiliza fasiri ya mtu mmoja. Sura ya simba inahitaji wasomaji wawili angalau, mmoja wa mlimani na mmoja wa pwani, na kila mmoja aulizwe ni nani alimwambia nani.