"Wimbo Mrefu Mno" Si Uhakiki

Kijana wetu wa hapa Uingereza, mwanamuziki wa ridhaa, akitupa tusikilize wimbo wake wa dakika 20, wa ile roki ya kubadilika-badilika waiitayo progresivu, majibu yetu huwa mawili: "Hongera!" au "Mrefu mno." Hakuna linalomsaidia.

Urefu peke yake si kosa. Sisi tuliolelewa na taarabu na sebene za Kikongo tunajua kusubiri. "Echoes" ya Pink Floyd (1971) inapita dakika 23, upande mzima wa santuri ya Meddle. Inaanza kwa mlio mmoja wa piano. Katikati muziki unayeyuka, unabaki mvumo kama wa upepo, kisha mlio ule ule unarudi, na msikilizaji anajua yuko wapi.

Basi tumwambie kijana: dakika ya 7 nilipotea, gitaa la dakika ya 10 limeingia bila hodi, sauti ya mwanzo niliingoja, haikurudi. Maneno haya yatamuuma, lakini yatamwonyesha pa kurekebisha. Pongezi tupu hazimwonyeshi kitu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.