Kitako cha Kikapu

Ukitaka kujua kama kikapu cha Iringa kimesukwa na mkono uliokomaa, usianze na rangi wala mpini. Kipindue, utazame kitako. Hapo ndipo kazi ilipoanzia, na kosa lililofanyika hapo halifichiki tena: kikapu kitapanda kikiwa kimeegemea upande mmoja, na hakuna urembo wa juu utakaokinyoosha.

Wengi wa wanaovisuka ni wanawake wa Kihehe wa vijijini, na Mufindi ni miongoni mwa wilaya ambako kazi hii ingali hai. Ukiishika barabara ya kutoka Nyololo kwenda Mgololo utapita Igowole, katika nchi ya chai, misitu ya paini na ukungu wa asubuhi. Macho ya mgeni hubaki vilimani, kwenye chai iliyokatwa ikalingana. Mali ya msukaji iko chini, mabondeni, kwenye ardhi isiyokauka. Huko huota milulu, nyasi ndefu za majimaji, zenye ugumu wa kusimama na ulaini wa kupindika.

Milulu hukatwa, ikaanikwa juani mpaka ubichi wote uishe. Kisha huja jambo linalomshangaza mtu mwenye haraka: nyasi iliyokaushwa kwa uangalifu wote huo huloweshwa tena kidogo kabla ya kusukwa. Ikikunjwa ikiwa kavu, inavunjika. Ikisukwa imelowa mno, hunywea baadaye na kukiacha kikapu na mianya. Unyevu unaofaa hupimwa kwa vidole, na vidole hivyo huchukua miaka kufundishika.

Sasa tazama mikono yenyewe. Msukaji hupanga mihimili ya milulu ikatawanyika kutoka katikati, kisha huizungushia nyuzi mbili nyembamba. Uzi mmoja hupita mbele ya mhimili, wa pili nyuma yake. Kabla ya kuufikia mhimili unaofuata, nyuzi hupishana na kubadilishana nafasi. Mzunguko kwa mzunguko, duara linakua, na kadiri linavyokua mihimili inaachana. Nafasi ikizidi, kikapu kitalegea, kwa hiyo anachomeka mhimili mpya katikati ya ile miwili. Akichomeka mingi mapema, kikapu kinatanuka. Akiacha kuchomeka na kukaza nyuzi, ukuta unasimama. Akiipunguza mihimili, mdomo unaanza kufunga. Hana kalibu wala mchoro. Tumbo la kikapu, kiuno chake na mdomo wake vyote hutokana na maamuzi matatu tu: wapi pa kuongeza, wapi pa kukaza na wapi pa kupunguza.

Mmea nao hujijenga hivyo hivyo. Jani ambalo kingo zake hukua haraka kuliko katikati hujikunja mawimbi; lile ambalo katikati yake imetangulia hupinda likawa na kina. Msukaji wa Mufindi hachori majani kwenye kikapu chake, lakini anaitumia kanuni ileile inayolipa jani umbo. Kwangu mimi huo ndio ufundi wa kufuata maumbile, na sijui mfano ulio safi kuliko huu.

Labda mmoja: mbeta. Katika nyanda hizi, msimu wa mvua ni msimu wa ulanzi, pombe ya mwanzi. Mgemaji huukata mwanzi mchanga ncha, akaurudia asubuhi na jioni kuuchonga upya, na utomvu wake hukingwa kwa kipande cha mwanzi uliokomaa. Kipande hicho ndicho mbeta. Hukatwa chini kidogo ya fundo, na fundo lenyewe ndilo sehemu ya chini ya chombo. Hakuna gundi, hakuna kiungo, hakivuji. Mwanzi ulijiwekea mafundo ili upepo usiuvunje. Mgemaji akaona juu ya kila fundo kuna chombo kilichokwisha kufungwa chini, kinachosubiri panga tu.

Nasema haya kwa sababu siku hizi usanifu wa majengo unaofuata maumbile unasifiwa sana, na wengine wanauelewa kwa ngozi yake tu. Nimeona baa na hoteli zenye nguzo za zege zilizochongwa magamba na kupakwa rangi ya kahawia ili zionekane miti. Nguzo hizo zingekuwa vilevile hata zikipakwa chokaa. Mti haujaifundisha zege jambo lolote.

Linganisha na Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya shina lake na kufunguka kuelekea angani. Hakuna jani lililochorwa pale. Ila kivuli kinaenea chini yake kama kile cha gulio la chini ya miti, hewa na mwanga vinapita, na maji ya mvua yanakusanywa na miavuli hiyo na kushuka. Amuli alichukua kutoka kwenye mti kazi ya mti. Moto wa Julai 2021 uliliumiza sana soko lile, na wengi tulioumia siku hiyo hatukulilia bidhaa peke yake.

Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker mwaka 2022, amefanya jambo la aina hiyo kando ya Ziwa Turkana, Kenya. Minara ya chuo cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021, imeiga vichuguu vya mchwa vya nchi ile: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, hewa baridi ikaingia kwa matundu ya chini. Kichuguu kilichaguliwa kwa jinsi kinavyopumua.

Kati ya majengo hayo na kikapu cha milulu tofauti ni ukubwa na sifa. Amuli na Kéré majina yao yanajulikana. Msukaji wa Igowole hutajwa kwa neno moja, "akina mama", na kikapu chake hupunguziwa bei na mtu asiyejua kilivyoanza.

Vyuo vyetu vinavyofundisha usanifu wa majengo, Ardhi pale Dar es Salaam na MUST pale Mbeya, viwapeleke wanafunzi wa mwaka wa kwanza Mufindi kabla hawajashika kompyuta. Wakae chini na wasukaji hao, wasuke wenyewe kikapu kizima tangu kukata milulu, na wasukaji walipwe kama walimu. Na wanaolima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kwenye mabonde ya Mufindi kila kiangazi wabakize kona ya milulu. Bila bonde lenye maji hakuna somo la kufundisha.