Mbwa Haweki Pozi

Mwaka 1995 David Hockney, mchoraji Mwingereza aliyekuwa akiishi kwenye vilima vya Hollywood, Los Angeles, alitumia miezi kadhaa kuwachora mbwa wake wawili, Stanley na Boodgie. Walikuwa mbwa wa aina ya dashundi: kiwiliwili kirefu, miguu mifupi, manyoya ya kahawia yaliyolala. Stanley alipewa jina la mchekeshaji Stan Laurel. Kazi hiyo ilizaa picha zaidi ya 40 za rangi za mafuta, na mwaka 1998 zikatolewa katika kitabu.

Mtu akizipitia harakaharaka atasema ni anasa ya msanii maarufu anayedekeza wanyama wake. Kiufundi, mambo si mepesi hivyo. Binadamu ukimwomba atulie, atatulia, hata kama shingo inamuuma. Mbwa hana habari na sanaa; hodi moja tu mlangoni, kesharuka na pozi limekwisha.

Wachoraji wengi wanaopokea oda za mbwa siku hizi hulikwepa tatizo hilo kwa kuchora kutoka picha ya simu. Si vibaya, ila simu ikisogezwa karibu mno na uso wa mbwa, pua huvimba na masikio yakasinyaa nyuma, na mchoraji asiye makini hunakili kosa la lenzi akidhani ndiyo sura yenyewe. Hockney alikuwa na ugomvi wa zamani na kamera. Miaka ya 1980 aliunganisha vipande vingi vya picha za kamera ili kuonesha kuwa lenzi moja haioni kama macho ya mtu yanavyoona. Kwa hiyo mbwa wake aliwachora kwa kuwatazama, wakiwa mbele yake.

Alichokifanya ni kuiandaa nyumba. Aliacha karatasi kubwa huku na kule, na paleti ikawa tayari na rangi zake, ili mbwa akijilaza, yeye asipoteze muda kutafuta vifaa. Akabaki kuvizia. Hapo ndipo ilipo siri ya picha hizi, kuliko hata kwenye mkono wake mwepesi: maandalizi yote yalikamilika kabla mbwa hajafumba macho.

Usingizi ulikuwa rafiki yake mkubwa, ndiyo maana Stanley na Boodgie wamelala katika picha nyingi. Itazame brashi kwa karibu. Haihesabu unywele mmoja mmoja. Inafuata mviringo wa mgongo kwa mapigo marefu, kisha inafupika inapofika kwenye bega na paja, mahali ngozi inapojikunja. Wakilala wawili wamebebana, kahawia juu ya kahawia, kinachowatenganisha ni mstari wa kivuli na mwelekeo wa mapigo hayo tu. Nyuma yao hakuna mengi: mto, kipande cha ukuta, basi. Muda wa kuchora samani haukuwepo, na picha zimefaidika kwa hilo.

Mwenzake wa London, Lucian Freud, alikwenda njia nyingine kabisa. Yeye alichora taratibu, picha moja ikila miezi au hata zaidi ya mwaka, na mbwa wa aina ya wipeti aliwalaza pembeni ya mtu, kama katika picha ya Double Portrait ya 1985–86, ambamo mwanamke na mbwa wamejinyoosha pamoja. Mbwa akirudi palepale siku baada ya siku, mchoraji anaweza kujenga ngozi tabaka kwa tabaka. Njia hiyo inahitaji mbwa mtulivu, na muda mrefu. Freud alipofariki mwaka 2011, picha ya msaidizi wake akiwa na mbwa Eli ilikuwa bado haijakamilika.

Si kila picha ya Hockney imefaulu. Katika baadhi, makucha yamemalizwa kwa haraka inayoonekana. Lakini hakuzipa majina ya kubembeleza. Alizipa namba, Dog Painting 19, Dog Painting 30 na kuendelea, kama mtu anayerudia zoezi lilelile hadi mkono uzoee.