Kumakinika kwa Nia Gani? Uhakiki wa Liber E ya Aleister Crowley

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kurasa chache za Kiingereza zinazofundisha namna ya kutuliza akili na kuielekeza mahali pamoja. Kazi ilionekana nyepesi mpaka walipofikia neno linalotaja shughuli ambayo mazoezi hayo yanamwandalia mtu. Wengi waliandika "uchawi". Wachache waliandika "uganga". Mmoja alirudisha karatasi, akisema hawezi kutafsiri kazi ya mchawi. Mjadala uliofuata ndio uliotusukuma kuandika uhakiki huu, kwani tulibaini kwamba wengi wetu, walimu tukiwamo, tulikuwa tumekwisha kuihukumu matini kabla ya kuisoma.

Matini na mwandishi

Liber E vel Exercitiorum ni andiko fupi la Mwingereza Aleister Crowley (1875–1947), lililochapishwa mwaka 1909 katika toleo la kwanza la jarida lake, The Equinox. Crowley alikuwa mshairi na mpanda milima, na alipata kuwa mwanachama wa Hermetic Order of the Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888. Mwaka 1901 alikwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akajifunza yoga kwa rafiki yake Allan Bennett, ambaye baadaye alikuwa mtawa wa Kibuddha huko Burma. Sifa ya Crowley kwao ilikuwa mbaya. Mwaka 1923 gazeti la John Bull lilimwita mtu mwovu kuliko wote duniani. Hata hivyo, mhakiki hahakiki sifa ya mtu. Anahakiki kilichoandikwa.

Kinachofundishwa

Andiko halianzi na mizimu wala makafara. Linaanza na daftari. Mwanafunzi anatakiwa kuandika kila jaribio wakati linapofanyika au mara tu baada ya kumalizika. Kisha anapewa jaribio la kubahatisha karata: achanganye karata 78, achomoe moja bila kuitazama, aitaje, aandike alichotaja na kilichotoka, kisha apange matokeo kwenye jedwali. Ndipo yanafuata mazoezi yenyewe. La kwanza ni mkao. Mtu anaketi bila kutikisika, na kipimo cha kufaulu ni kisahani kilichojaa maji hadi ukingoni, kikae kichwani saa nzima pasipo kumwagika hata tone. La pili ni kupumua kwa kipimo, kwa kufuata saa. La tatu, ambalo ndilo kiini, ni kuushika moyo kwenye kitu kimoja kinachoonwa kwa fikra tu: yai jeusi, duara la buluu, hilali ya fedha, mraba wa manjano au pembetatu nyekundu. Mwanafunzi anahesabu mara ngapi umakini wake umekatika, na idadi hiyo anaiandika.

Tunaona kwamba hapa ndipo ilipo nguvu ya andiko hili. Lugha yake ni ya amri fupifupi, haina mapambo, na haimpi msomaji nafasi ya kujidanganya. Wengi wanaodai kuwa na uwezo wa siri hukumbuka utabiri mmoja uliotimia na kusahau 20 iliyoanguka. Daftari la Crowley linakumbuka yote. Vilevile, andiko halimtaki mwanafunzi awe na akili tupu. Linamtaka agundue kwamba akili yake imekimbia, aandike, airudishe. Anayeandika kwamba amekatika mara 40 ameendelea kuliko anayedai kwamba hakukatika hata mara moja.

Suala la lugha

Jambo hilo lina uzito kwa mfasiri. Wanafunzi kadhaa waliandika kwamba lengo la mazoezi ni "kuondoa mawazo". Kwa msemaji wa Kiswahili, mtu mwenye mawazo ni mtu mwenye dhiki: ada haijalipwa, mgonjwa yuko hospitalini. Anayemwambia aondoe mawazo anamfariji, hamfundishi mkao wala pumzi. "Taamuli" na "tafakuri" nayo hayatoshi, kwa sababu yanadokeza kufikiri kwa kina juu ya jambo, ilhali mtu anayeishika pembetatu nyekundu hafikirii chochote juu yake. Sisi tunapendekeza "kumakinika", kwa kuwa kitenzi hiki kina utulivu na uangalifu kwa pamoja.

Kiswahili kina hazina nyingine ambayo wanafunzi hawakuigusa. Waislamu wanaposali huitafuta khushui, yaani utulivu na unyenyekevu wa moyo mbele ya Mungu, na kinachoivuruga ni wasiwasi. Leo neno hili tunalitumia kwa maana ya hofu au shaka, lakini asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono unaomwingia mtu na kumtoa katika analolifanya. Crowley alihesabu minong'ono hiyo. Hatusemi kwamba sala na mazoezi yake ni kitu kimoja, kwani aliyeko katika sala anajua anasimama mbele ya nani. Tunasema tu kwamba tatizo la akili kukimbia si geni kwetu, na lugha yetu imelitaja siku nyingi.

Uchawi au uganga?

Turudi kwenye neno lililowagawa wanafunzi. Neno la Kiingereza linabeba mengi kwa pamoja, na Crowley mwenyewe baadaye aliliongezea herufi moja mwishoni ili kulitenga na michezo ya jukwaani. Kiswahili kiligawa mambo hayo zamani. Mazingaombwe na kiinimacho ni burudani. Ramli ni kubashiri. Uganga ni kuponya. Uchawi ni kudhuru. Wanafunzi wetu wenye Luganda wanaijua tofauti hiyo kupitia omulogo na omusawo. Katika lugha zetu, kinachomtenga mganga na mchawi ni kusudi, wala si ustadi. Wote wawili wanaweza kujua mti uleule.

Na hapa ndipo andiko linapopwaya. Yoga ya Patanjali ina hatua nane. Mbili za mwanzo zinahusu mwenendo, na miongoni mwa mambo yanayotajwa humo ni kutodhuru, kusema kweli na kutoiba. Kushika moyo kwenye kitu kimoja ni hatua ya sita. Liber E inaanzia hatua ya tatu, yaani mkao. Mwandishi amechukua ngazi akaacha vidato viwili vya chini, kisha hasemi umakini ukishapatikana utumike kwa jambo gani. Matokeo ya pengo hilo yanaonekana katika andiko lake jingine, Liber Jugorum, ambamo mwanafunzi anaagizwa ajikate mkono kwa wembe kila anapokosea. Nidhamu isiyotanguliwa na kutodhuru imemgeukia mwenyewe aliyeianza.

Kwa hiyo, aliyeandika "uchawi" alimtia mwandishi hatiani bila ushahidi, na aliyeandika "uganga" alimsafisha bila ushahidi. Hilo si kosa dogo. Hapa Uganda neno hili lina sheria yake, ya mwaka 1957, na mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ililazimika kubatilisha amri iliyomzuia mtu aliyehukumiwa chini ya sheria hiyo asikanyage nyumbani kwake kwa miaka 10. Mfasiri anayelitumia ovyo asidhani anacheza na kamusi tu.

Hitimisho

Tunapendekeza mfasiri afuate fasili ya Crowley mwenyewe, inayojengwa juu ya utashi wa mtu kuleta mabadiliko, aandike "sanaa ya utashi", kisha aeleze uamuzi wake katika dibaji. Lakini asiishie hapo. Swali ambalo Kiswahili kinamlazimisha kuuliza, yaani umakini huu ni wa kuponya au wa kudhuru, ndilo swali ambalo andiko lililikwepa. Yule mwanafunzi aliyerudisha karatasi alikuwa na haki ya kuliuliza. Kosa lake lilikuwa kulijibu kabla ya kusoma. Tumempa karatasi ileile tena, na safari hii tumemwomba aanze na daftari.